Mstari wa Saba wa Daftari la Maskini

Rhona Lownie alisoma mstari wa saba mara tatu. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya sweta, akaivaa, akausoma mara ya nne. Mstari haukubadilika.

Laiti mwandiko ungekuwa mbovu. Lakini msimamizi wa maskini wa mji wa Inverdowrie, Uskoti, aliyewachunguza waomba msaada mwaka 1896, aliandika kama mtu anayechonga jiwe la kaburi: herufi wima, nukta mahali pake, wino mweusi tititi. Rhona alikuwa amenakili kwa kujitolea kurasa mia mbili na kumi na moja za Daftari la Maskini tangu Januari. Alikutana na kurasa zenye madoa ya chai, kurasa zilizotafunwa na panya, na kurasa za karani mmoja mlevi aliyeandika kama kuku anayeparua. Hakuna hata moja iliyosomeka vizuri kama hii.

“Elizabeth Esplin, miaka 31, mfuaji nguo, watoto wanne,” aliandika yule bwana. “Aomba msaada kwa kuwa ni mjane wa Charles Esplin, aliyefia katika moto wa kinu. Nimechunguza. Charles Esplin yu hai. Yuko Dundee, akaa na mwanamke aitwaye Bella Strachan, muuza njegere za moto. Nimemhoji. Asema moto ulimpa nafasi.”

Charles Esplin alikuwa babu yake Bi. Phemie. Na Bi. Phemie, mwenye miaka themanini na minane, alikuwa mama mkwe wake Rhona, naye aliishi katika chumba cha mbele cha nyumba yao tangu alipovunjika nyonga miaka sita iliyopita. Hakuna mtu aliyevuka kizingiti cha nyumba ile asisimuliwe Charles Esplin: jinsi kinu cha kitani kilivyoshika moto, jinsi wanaume wote walivyokimbilia nje, jinsi Charles peke yake alivyorudi ndani kuwafungulia farasi, na jinsi ilivyookotwa kofia yake tu. Fundi wa mabomba alisimuliwa akiwa chini ya sinki. Daktari alisimuliwa huku akipima presha, na presha ikapanda, ya daktari. Juu ya meko ilitundikwa picha ya Charles, ingawa hakuwahi kupigwa picha maishani mwake. Mwalimu mmoja wa uchoraji aliichora kwa kuelekezwa na Bi. Phemie, na tangu hapo masharubu yalikuwa yameongezwa mara mbili.

Baya zaidi lilikuwa baraza la mji. Lilikuwa limejenga nyumba ishirini na nne pale kilipokuwa kinu, na kijia kilichopita katikati yake kilikuwa kimepewa jina: Njia ya Esplin. Jumamosi ya wiki ijayo Bi. Phemie angevuta kamba, kitambaa kianguke, kibao kionekane. Hotuba yake ilikuwa imefika kurasa kumi na moja.

Na nakala ya Daftari la Maskini ingewekwa mtandaoni siku moja kabla, Ijumaa saa sita mchana.

Rhona aliwajua watu wa Inverdowrie. Siku ya kwanza kila mtu angetafuta jina la ukoo wake, siku ya pili la jirani. Netta Cargill wa mlango wa pili, ambaye kwa miaka arobaini alikuwa akimsikiliza Bi. Phemie huku akitabasamu kwa meno tu, asingeisubiri hiyo siku ya pili.

Juu ya birika la chai, katika chumba cha wanaojitolea wa hifadhi ya nyaraka, Isla Nicoll mtunza nyaraka alikuwa amebandika sheria kwa maandishi makubwa: ANDIKA ULICHOKIONA. USISAHIHISHE. USIPUNGUZE. USIMHURUMIE MTU. Kisichosomeka kiwekwe neno moja tu, “haisomeki”, katika mabano.

Rhona alitazama kushoto, akatazama kulia. Kisha akaandika neno hilo katika mstari wa saba, polepole, kama mtu anayezima taa kwenye chumba cha mgonjwa.

Alipofika kituo cha basi ndipo alipomkumbuka Kumi na Nne, akaliacha basi limpite.

Kwani hifadhi ile haikumwamini mtu mmoja. Kila ukurasa ulinakiliwa na watu wawili wasiojuana, kila mmoja kwa siku yake, wakitambulikana kwa namba tu. Kompyuta ililaza kazi zao bega kwa bega, na palipotofautiana pakawaka wekundu. Rhona alikuwa Tisa. Mwenzake alikuwa Kumi na Nne, na kwa miezi minane walikuwa wamegombana kwa vikaratasi vya kuchapwa vilivyopitia mikononi mwa Isla. Kumi na Nne alikuwa mzito, mbishi, na hakuacha kitu. Hata doa la wino alilielezea. Mtu wa namna hiyo angeuandika mstari wa saba wote, na wekundu ungewaka kutoka Inverdowrie hadi Dundee.

*

“‘Mwenzake akamwuliza, Charlie, unakwenda wapi?’” Bi. Phemie alikuwa akisoma ukurasa wa nne wa hotuba, karatasi mkono mmoja, uma mkono mwingine. “‘Naye akajibu: Siwezi kumwacha kiumbe hai aungue.’ Hapo nitanyamaza kidogo. Nitawapa watu nafasi ya kulia.”

“Nani alimsikia akisema hivyo, Mama?” Rhona aliuliza.

“Wewe ulikuwepo?”

“Hapana.”

“Basi.”

Mezani palikuwa na nyama ya kusaga na viazi vya kuponda. Dod, mume wa Rhona, alikula bila kuinua macho. Alikuwa ameendesha basi la Inverdowrie kwenda Forfar kwa miaka thelathini na minne, na huko alijifunza kutotazama nyuma abiria wanapozozana.

“Kazi imekwendaje leo, mke wangu?” aliuliza.

“Kawaida. Yule Kumi na Nne kaniletea karatasi nyingine.”

“Anasemaje?”

“Eti nisome polepole. Mimi, nisome polepole. Mtu aliyechukua wiki tatu kujua kwamba ‘ditto’ ni ‘kama hapo juu’, si jina la ukoo.”

Dod akatafuna. “Labda anajifunza.”

“Akajifunzie kwa mwingine. Nakwambia yule ni mwalimu mstaafu. Karatasi zake zinanuka chaki.”

“Sidhani kama ni mwalimu.”

“Unajuaje?”

“Nasema tu.” Dod akajiongezea kiazi.

“Hao maskini wako wa daftarini,” Bi. Phemie akaingilia, “sijui mnawachimbua wa nini. Watu wenye fahari tumeachwa, mnahangaika na waombaji. Ukoo wetu haumo humo, ashukuriwe Mungu. Esplin hajawahi kuomba hata kiberiti.”

Rhona aliinuka kwenda kuleta chumvi, ingawa chumvi ilikuwa mezani.

Siku zilizofuata aliishi kama mtu anayesubiri majibu ya vipimo. Simu ikilia, yeye wa kwanza. Alijiambia kwamba akiitwa atasema macho yalikuwa yamechoka. Kisha akajiambia hatasema hivyo, maana hajawahi kudanganya kuhusu ukurasa hata mmoja, isipokuwa huu. Jumanne Dod alibeba mfuko wake wa mipira ya mbao akaenda klabuni kwenye mchezo wa kuiviringisha, kama kila Jumanne. Akarudi kimya kuliko kawaida, akasahau kuvua kofia wakati wa kula. Rhona hakuuliza. Alikuwa na yake.

Jumatano simu ikalia. “Bi. Lownie,” ilikuwa sauti ya Isla Nicoll, kavu kama karatasi zake, “kesho saa nne asubuhi ofisini kwangu. Ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili.”

*

Isla alikuwa msichana wa miaka thelathini aliyevaa sweta mbili kiangazi na tatu kipupwe, kwa sababu karatasi zilipenda baridi, naye alipenda karatasi. Juu ya meza yake daftari lilikuwa limelazwa juu ya mito ya sponji kama mgonjwa. Mbele ya meza palikuwa na viti viwili.

“Kaa,” alisema. “Tunamngoja mwenzako.”

Rhona alikaa. Hatimaye angemwona Kumi na Nne. Alikwisha kumpangia sura: ndevu, koti la kizamani, pumzi ya vitunguu. Mlango ukafunguliwa, akaingia Dod, kofia mkononi, mfuko wa mipira begani.

“Dod? Nani kafa?”

“Hakuna.”

“Sasa umefuata nini huku? Mama kaanguka?”

“Mama mzima.” Dod alitazama viatu vyake.

Isla alitazama karatasi yake. “Bwana Lownie ndiye Kumi na Nne.”

Rhona alimtazama mumewe, akakitazama kiti kitupu kando yake. Mbele ya macho yake vilipita viazi vya miezi minane, vyote alivyovila mumewe kimya huku yeye akimwita Kumi na Nne punda, gogo, na siku moja ya Juni, kisiki chenye miwani.

“Si nilikwambia si mwalimu,” Dod alisema.

“Mtagombana nyumbani,” Isla akakata. Aligeuza kompyuta iwaelekee. “Hebu tazameni. Ukurasa mzima mweupe, hakuna wekundu hata nukta moja. Ninyi wawili hamjawahi kukubaliana hata tarehe. Na hapa, mstari wa saba, Tisa kaandika haisomeki, na Kumi na Nne kaandika haisomeki. Kisichosomeka kwa wote wawili huletwa kwangu nikiangalie kwa taa kali.” Aliigonga skrini kwa kalamu. “Sikuiwasha taa. Nimeusoma nikiwa nimesimama mlangoni, na birika mkononi.”

Dod aliizungusha kofia mkononi.

“Nilijua Tisa ataandika,” Dod alisema hatimaye, akimwambia Isla lakini akimtazama mkewe. “Nilijua Tisa ni nani tangu siku ya kwanza, alikuwa akinitukana mezani. Huyu haachi kitu. Nikasema mstari utakwenda tu, lakini usipite mkononi mwangu. Ni mama yangu.”

“Na mimi nilikuwa na hakika Kumi na Nne ataandika,” Rhona alisema. “Gogo lile haliachi hata doa.”

“Asante.”

“Si sifa.”

Isla alifunga kalamu yake ya risasi ndani ya kisanduku. “Kesho saa sita ukurasa huu unakwenda mtandaoni, na mstari wa saba utakuwemo. Msipouandika ninyi nitauandika mimi. Lakini mimi sikai nyumba moja na yule mama. Ni afadhali aupate kwenu kuliko kwa Netta Cargill. Habari za viti vyenu hapa nitaziamua baadaye.”

Nje ilikuwa inanyunya. Walitembea hatua hamsini.

“Tangu lini?” Rhona aliuliza.

“Februari.”

“Na mipira?”

“Haijatoka mfukoni tangu Februari.”

“Kwa nini hukuniambia?”

Dod aliuhamishia mfuko bega la pili. “Ulikuwa ukirudi nyumbani unasimulia watu waliokufa zamani kana kwamba umekunywa nao chai. Uso unang'aa. Mimi nakuuliza viazi bei gani. Nikasema nijaribu na mimi. Niliacha shule nikiwa na miaka kumi na mitano, Rhona. Nilitaka nipate ukurasa mmoja usio na wekundu, ndipo nikwambie.”

“Haya, umeupata.”

“Nimeupata,” Dod alikubali kwa huzuni, na Rhona, aliyekuwa amepania kukasirika hadi Krismasi, akajikuta anacheka mpaka akashika uzio wa watu.

*

Walimwambia wakati wa chai ya alasiri. Walikubaliana Dod aanze kwa kuwa ni mwanawe, na Dod akaanza kama anayerudisha basi kinyumenyume kwenye uchochoro.

“Mama, ile kofia ya babu. Ilikuwa imeungua?”

“Iliokotwa,” alisema Bi. Phemie.

“Iliokotwa wapi?”

“Karibu.”

“Karibu na moto, au karibu na stesheni?”

Bi. Phemie aliweka kikombe chini. “George Lownie, unataka kusema nini?”

Alipoitwa kwa jina lake lote, Dod alirudi kuwa mtoto wa miaka saba. Ikabidi Rhona aseme. Alisema yote kama yalivyoandikwa, bila kupunguza, pamoja na lile neno “haisomeki” waliloandika wao, akitazama sahani ya biskuti.

“Nani kasema haya?”

“Msimamizi wa maskini, Mama.”

“Yuko wapi?”

“Amekufa.”

“Basi hawezi kuapa.”

“Ameandika, Mama. Kwa mkono wake.”

Bi. Phemie aligeuka akatazama picha juu ya meko. Charles Esplin naye akamtazama kwa utulivu wa mtu aliyechorwa kwa kuelekezwa.

“Njegere?” bibi aliuliza kwa sauti ndogo.

“Njegere za moto.”

“Za kwenye kibanda? Zile za siki?”

“Nadhani za siki, Mama.”

Hilo ndilo lililomwingia. Pengine angestahimili mwigizaji wa michezo, au mjane wa nahodha. Lakini njegere, zinazopakuliwa kwa upawa na kuliwa kwa kusimama! Aliisukuma kando sahani ya biskuti.

“Na ninyi mkaandika haisomeki.”

“Tulitaka kukusitiri, Mama,” Dod alisema.

“Kunisitiri. Nimewalea watoto watano, nimemzika mume, nimewekewa nyonga ya chuma, halafu mnanifichia karatasi kama mtoto anayefichiwa peremende. Tokeni. Chai iacheni.”

Wakatoka. Walisimama ukumbini kama watu waliofungiwa nje ya nyumba yao wenyewe. Dod alisikiliza mlangoni, akatikisa kichwa: kimya. Baada ya nusu saa fimbo iligonga sakafu mara tatu.

“Rhona! Koti langu la mazishi lipigwe pasi. Kesho asubuhi nataka kumwona huyo bwana na mwandiko wake.”

*

Walipofika hifadhini saa tatu asubuhi, Isla alimnawisha Bi. Phemie mikono kama daktari anayejiandaa kupasua, akamkalisha mbele ya daftari. Bibi akatoa kioo chake cha kukuzia, ambacho kwa kawaida alikitumia kukagua risiti za dukani, akaanza.

Alisoma kwa sauti, neno baada ya neno, kidole kikielea juu ya karatasi bila kuigusa. Alipofika kwa Bella Strachan alikohoa. Alipofika kwenye njegere aliongeza sauti, kusudi. “‘Asema moto ulimpa nafasi.’ Mshenzi mkubwa. Na hii ya pembeni?”

“Ipi, Mama?” Rhona aliuliza.

“Hii hapa, imepandia kando. Au ninyi wasomi husoma katikati tu?”

Rhona aliinama. Kweli, ukingoni palikuwa na maandishi madogo yaliyoandikwa kutoka chini kwenda juu, mahali ambapo msimamizi alikosa nafasi akageuza daftari. Uso ukamwaka. Siku ile hofu ilimfanya asiinamishe hata shingo. Alimtazama Dod, naye alikuwa akitazama dari.

Isla akaligeuza daftari juu ya mito yake, taratibu, kwa mikono miwili.

“‘Ombi limekataliwa, kwa kuwa mume yu hai,’” Bi. Phemie alisoma. “‘Mwombaji ameelezwa habari za mumewe. Hakuonekana kushangaa. Aomba watoto wasiambiwe, waendelee kumhesabu baba yao kuwa marehemu. Nimekubali. Alirudi kufua kabla wino haujakauka.’”

Kioo kilibaki pale pale juu ya neno la mwisho. Bomba la maji lilikoroma mahali fulani ukutani.

“Mmoja wa hao watoto wanne ni baba yangu,” alisema. “Yeye ndiye aliyenisimulia habari za farasi. Alikuwa akilia akifika kwenye kofia. Mtu mzima, fundi seremala, analia.” Aliweka kioo mezani. “Kwa hiyo huyu mama alimtazama mwanawe akilia hivyo, akanyamaza. Mpaka anaingia kaburini.”

“Ndivyo inavyoelekea,” Isla alisema.

“Yule nimemwekea masharubu mara mbili. Huyu sijampa hata pua.”

Rhona alitaka kumshika mkono, akaogopa, akaushika mgongo wa kiti.

“Haya, andikeni,” Bi. Phemie alisema, akiwa amerudia sauti yake ya kila siku. “Kila mmoja peke yake, kama sheria inavyosema. Msichunguliane. Mkipishana neno, fimbo ninayo.”

Waliandika, Tisa dirishani, Kumi na Nne kule karibu na makabati. Saa tano na robo Isla alizilaza kazi zao bega kwa bega. Wekundu uliwaka mahali pamoja: Dod alikuwa ameweka mkato baada ya “njegere”.

“Upo,” Dod alisema.

“Ni kinyesi cha nzi,” Rhona alisema.

“Kina mkia.”

Isla aliwasha taa kali, akainama, akatazama kwa muda mrefu mno. “Nzi,” alisema. Kisha, bila kuwaangalia: “Jumanne, Kumi na Nne. Alhamisi, Tisa. Na habari za kurasa msizizungumze nyumbani.”

*

Saa nane mchana Netta Cargill alikuwa amekwisha kuusoma. Saa kumi muuza nyama alikuwa anaujua, pamoja na Bella Strachan, ambaye kufikia jioni alikuwa na watoto saba na mguu wa mti. Jumamosi asubuhi Netta aligonga mlango na sahani ya skonzi iliyofunikwa kwa kitambaa.

“Nimekuja kuwapa pole,” alimwambia Rhona, shingo ikitafuta chumba cha mbele. “Anaendeleaje? Masikini, katika umri ule. Hotuba ataahirisha, nadhani.”

“Netta Cargill,” ilisema sauti ya chumbani, “skonzi ziache, wewe uende. Ukachukue nafasi ya mbele.”

Kwenye Njia ya Esplin mvua ilikuwa inanyesha kwa ubavu. Katika kawaida ya shughuli kama ile wangekuja watu ishirini, nusu yao wa baraza. Walikuja zaidi ya mia moja. Rhona hakuwahi kuwaona watu wa Inverdowrie wakiipenda historia kiasi kile. Walikuwa wamevaa vizuri na walikuwa wametulia, utulivu wa watu wanaosubiri sahani idondoke. Diwani Tulloch, aliyekuwa ameshaisikia habari na hakujua asimame na uso gani, alisema maneno mafupi kuhusu nyumba za bei nafuu, akamkaribisha Bi. Phemie kama mtu anayepisha gari la zimamoto.

Bi. Phemie alisimama kwa fimbo yake, koti la mazishi limenyooka. Hotuba haikuwa mkononi.

“Mmekuja kusikia habari za shujaa,” alisema. “Nimewasimulia miaka arobaini na nyote mnaijua. Ni ya uongo. Sikuitunga mimi, lakini niliinenepesha. Anayetaka kucheka akae tayari, nafasi ataipata. Rhona, njoo usome. Macho yangu hayaendi na mvua.”

Rhona hakuwa ameambiwa. Alimtazama Dod, Dod akamwinulia mwavuli. Karatasi ilitolewa kwenye mkoba wa bibi, imekunjwa mara nne, na Rhona akasimama mbele ya watu mia akasoma mstari wa saba, wote. Kwenye moto uliompa nafasi mtu aliangua kicheko huko nyuma. Kwenye njegere walicheka wengi, hata diwani, akajifanya anapiga chafya. Bi. Phemie aliwaacha. Alitikisa kichwa kama anayewahesabu.

“Endelea,” alisema. “Pembeni.”

Rhona akasoma ya pembeni. Kwenye “hakuonekana kushangaa” alifuta tone la mvua karatasini, akaendelea hadi wino uliokuwa haujakauka. Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja alivua kofia, mvua ikampiga kichwani, hakuirudisha. Diwani aliinua mikono apige makofi, akafikiri, akaishusha.

Bi. Phemie alivuta kamba. Kitambaa kilikuwa kimelowa, kikagoma. Dod ikambidi apande kiti cha baraza akikwanyue kwa mpini wa mwavuli, kikaanguka chote juu ya diwani.

“Njia ya Esplin,” bibi alisoma kibao. “Elizabeth Esplin, mfuaji nguo. Yule mwingine anayo Dundee nzima.”

Watu walianza kusogeasogea, bila kujua kama shughuli imekwisha. Hapo Netta Cargill, mbele kabisa, chini ya mwavuli wa maua, alikohoa.

“Bi. Phemie, unisamehe,” alisema kwa utamu. “Mvua ilikuwa inagonga mwavuli wangu. Pale kwenye njegere sikusikia vizuri.”

Rhona alihisi Dod akishika kiwiko chake. Bi. Phemie alimtazama msikilizaji wake wa miaka arobaini kuanzia kofia hadi viatu, bila haraka, kisha akageuka kwa mkwewe.

“Msomee tena, mwanangu,” alisema. “Anzia juu kabisa. Na wewe, Netta, funga huo mwavuli usikie.”